Siku tatu Texas na bi mkubwa: shukeni Fort Worth

Swali limetoka kwa msomaji wa Mombasa. Mwezi wa Oktoba atakuwa Dallas kwa harusi ya binamu yake, akifuatana na mama yake mwenye umri wa miaka 67. Wanatua Jumatano, harusi ni Jumapili, na siku tatu za katikati ni zao. Anaandika: “Kila mtu anatuambia turuke New York au Las Vegas. Mama anataka kuona ng'ombe na wale wanaume wa kofia za pama. Mimi nataka makumbusho na muziki. Gari hatukodi, na pesa zetu ni za kuhesabu. Kuna mji mmoja utakaoturidhisha sote wawili?”

Upo, dada yangu, na wala hauhitaji ndege nyingine. Uko kilomita 50 magharibi ya Dallas, unaitwa Fort Worth, na uwanja mtakaotua una jina lake: zile herufi DFW ni Dallas na Fort Worth. Wageni wanashuka hapo kwa mamilioni, wanachukua mizigo yao, wanageukia mashariki. Nimezaliwa Tanga, nimeishi kaskazini ya Texas miaka 14 na kazi yangu ni kuwatembeza wageni, na jambo hili bado linaniuma. Wanaotafuta Texas ya farasi wanaiacha nyuma yao dakika ile ile wanayotoka uwanjani.

Msidhani nawapeleka kijijini. Mwaka 2024 wakazi wa Fort Worth walivuka milioni 1. Tatizo lake ni jirani. Dallas ndiyo yenye mabenki, maghorofa na jina, na ugomvi wao ni wa zamani. Mwaka 1875, biashara zilipodorora na watu wakaanza kuhama, gazeti moja la Dallas liliandika kwamba Fort Worth umelala usingizi mzito kiasi kwamba puma ameonekana amejinyoosha barabarani. Wenyeji walilichukua tusi hilo wakalifanya jina la mji. Mpaka leo ukikutana na polisi wa Fort Worth, mtazame kifuani: juu ya beji yake amelala puma.

Sasa, wanaouelezea mji huu kwa kawaida wanaugawa vipande viwili: kaskazini ng'ombe, magharibi sanaa. Ukiwasikiliza utadhani wewe na mama yako mtapaswa kugawana siku, leo yake, kesho yako. Mimi nawaambia msigawane. Picha utakazoziona Ijumaa zilinunuliwa kwa pesa za mifugo, nafaka na mafuta, na watu walewale waliokuwa wakiuza ng'ombe ndio waliowaita wasanifu majengo wakubwa wa dunia waje kujenga hapa. Anzeni na zizi, kisha mwende kwenye picha. Mkienda kwa mpangilio huo, la pili litaeleweka kwa sababu ya la kwanza.

Kwanza kufika. Ndege za Qatar, Emirates na Turkish zinatua DFW moja kwa moja kutoka Doha, Dubai na Istanbul, kwa hiyo mkitoka Kenya mnabadilisha ndege mara moja au mbili tu. Mkishatua, msiingie Dallas kabisa. Kuna treni iitwayo TEXRail, imeanza Januari 2019, inaondoka kwenye jengo B la uwanja na kuwafikisha katikati ya Fort Worth kwa muda usiofika saa moja. Inatembea kila siku. Kama ndege yenu imeegesha jengo D, chukueni basi la bure linalozunguka majengo ya uwanja. Lalieni hoteli ya katikati ya mji, si ya kando ya barabara kuu hata kama ni nafuu, maana hizo za barabara kuu zitawadai teksi kila mkitaka kutoka. Na hongereni kwa kuamua kutokodi gari. Mtu aliyezoea kuendesha kushoto, amechoka na safari, halafu anaingia barabara ya njia sita ya Texas usiku: nimeshawaona wengi wakijuta.

Alhamisi ni siku ya bi mkubwa. Nendeni Stockyards, mtaa wa mazizi na mnada wa zamani wa ng'ombe.

Kabla hamjafika, jueni mnachokwenda kukiona. Fort Worth ulianza mwaka 1849 kama kambi ya jeshi juu ya mwamba wa mto Trinity, ukapewa jina la Jenerali William Jenkins Worth. Jeshi likaondoka baada ya miaka michache, raia wakabaki. Kilichoufanya mji ni hesabu rahisi ya biashara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa imejaa ng'ombe waliozaliana porini bila wa kuwanunua. Ng'ombe wa dola 4 huku aliweza kufika dola 40 kwenye masoko ya kaskazini, lakini reli ilikuwa mbali, huko Kansas. Basi vijana wakawaswaga kwa miguu ya farasi, makundi ya maelfu, miezi miwili mitatu njiani, kwenye njia iliyokuja kuitwa Chisholm Trail. Fort Worth ulikuwa kituo kikubwa cha mwisho kabla ya kuvuka kuingia ardhi ya Wahindi Wekundu. Hapa ndipo walipojaza unga, kahawa na risasi. Inakadiriwa kwamba kati ya 1866 na 1890 ng'ombe zaidi ya milioni 4 walipita.

Reli yenyewe ilifika Julai 1876, na namna ilivyofika inanifurahisha kila ninapoisimulia. Kampuni ya reli ilikuwa imepewa muda na bunge la jimbo, na muda ulikuwa unakwisha. Wenye maduka, wafanyakazi wao na majirani walitoka kwenda kuwasaidia mafundi kulaza mataruma ili treni iwahi. Tangu hapo ng'ombe hawakuwa tena wapitaji. Mwaka 1902 makampuni mawili makubwa ya nyama ya Chicago, Armour na Swift, yakaanza kujenga machinjio yake pembeni ya mazizi, na mwaka huo huo likasimama jengo la mnada, Livestock Exchange, ambalo mtaliona, jeupe, lenye matao kama la Wahispania. Mwaka 1944 walipita hapo wanyama zaidi ya milioni 5. Kisha yakaja malori. Mfugaji akaona hana haja ya kusafirisha mifugo mpaka mjini wakati mnada unaweza kufanyika karibu na ranchi yake. Armour ikafunga mwaka 1962, Swift mwaka 1971. Kwa hiyo mnapotembea juu ya zile barabara za matofali, jueni kwamba hiki kilikuwa kiwanda na soko lililokufa, likaokolewa na watu waliokataa kulibomoa.

Kutoka katikati ya mji ni kama kilomita 4, na basi la Orange Line linawapeleka. Fikeni mapema. Saa 5:30 asubuhi na tena saa 10 jioni, kila siku hali ya hewa ikiruhusu, kundi la ng'ombe wa aina ya Longhorn linapitishwa barabara ya East Exchange. Ni mali ya mji wenyewe, na wachungaji wake ni waajiriwa wanaovaa mavazi na kutumia matandiko yaliyoigwa kwa uangalifu kutoka karne ya 19. Ni bure. Inachukua dakika chache tu, na ng'ombe hawakimbii, wanatembea kwa hatua ya kulisha. Baadhi ya wageni wanalalamika kwamba ni polepole mno. Mimi hapo huwaeleza: ng'ombe aliyekimbizwa anapungua uzito, na uzito ndio pesa. Mchungaji hodari wa wakati ule alikuwa yule aliyewafikisha Kansas wamenenepa. Mama yako, kama amewahi kukaa karibu na wafugaji, hatahitaji kuelezwa.

Chagueni kusimama upande wenye kivuli, karibu na jengo la mnada, na mtazame pembe. Kwa dume aliyekomaa, kutoka ncha hadi ncha zinaweza kuzidi mita 2. Mgeni wangu mmoja kutoka Mbarara alipoziona alisema kwa sauti, “Hawa ni Ankole!” Hawakuwa, maana asili ya Longhorn ni ng'ombe walioletwa na Wahispania, lakini jicho lake halikupotea sana. Ziko ranchi Texas hii hii zinazofuga Ankole wa Maziwa Makuu, huku wakiitwa Ankole-Watusi, na ukiwaona zizini pamoja utatofautisha kwa unene wa pembe: za Ankole ni nene shinani na zinapanda juu, za Longhorn ni nyembamba na zinatandaa kando.

Mkitoka hapo, usimwache mama aondoke bila kuiona sanamu ya Bill Pickett. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu picha tuliyouziwa ya kauboi ni ya mzungu mrefu anayetafuna jani, na picha hiyo ni nusu ya ukweli. Kazi hii waliifundisha Wamexico. Neno rodeo ni la Kihispania, kamba ya kunasia ina jina la Kihispania, tandiko lenye pembe mbele ni lao. Na wanahistoria wanakadiria kwamba katika kila makauboi wanne mmoja alikuwa Mweusi, wengi wao watu waliotoka utumwani au watoto wao. Pickett alizaliwa Texas mwaka 1870. Alikuwa akiruka kutoka juu ya farasi anayekimbia, anamkamata ng'ombe dume kwa pembe, anampindua shingo, na kwa mtindo wake mwenyewe anamng'ata mdomo wa juu mpaka mnyama analala. Kung'ata kumeachwa, lakini kile kitendo cha kumrukia na kumwangusha kimekuwa shindano rasmi la rodeo kote Marekani. Sanamu imewekwa mwaka 1987 na inamwonyesha katikati ya tendo. Hatua chache kutoka hapo yupo Quanah Parker, kiongozi wa Wakomanche, ambao nchi hii ilikuwa yao kabla ya kambi yoyote ya jeshi. Alipigana mpaka 1875, akasalimu amri, kisha akaja kuwa mtu wa kufanya biashara na wenye ranchi wale wale, akiwakodisha malisho.

Chakula sasa, maana najua mtauliza halali. Nyama ya Texas si ya kuchoma kwa moto wa karibu kama yetu. Ni ya moshi: brisket, yaani kidari cha ng'ombe, inakaa saa 12 au zaidi ndani ya tanuri la chuma, moto wa kuni za mwaloni ukiwa pembeni, mpaka mafuta yanayeyuka na nyama inakatika kwa uma. Shida ni mbili. Ng'ombe mwenyewe hakuchinjwa kwa sharti lenu, na tanuri moja linabeba nguruwe pia. Maharage huwa yamepikwa na vipande vya nguruwe, na chapati za Kimexico, zile za unga wa ngano, wakati mwingine zinakandwa kwa mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo ulizeni kila mahali, kwa uwazi, hakuna atakayeudhika. Wapo wachoma nyama Waislamu katika eneo hili wanaotengeneza brisket halali kwa moshi ule ule, na Arlington na Irving kuna maduka na mikahawa ya halali kwa wingi. Muagizeni binamu awapeleke moja wiki ya harusi. Mkiwa Stockyards, samaki, mahindi na saladi vitawatosha mchana. Asiyefungwa na hayo, tafadhali asiondoke Fort Worth bila kupanga foleni ya brisket. Afike kabla ya saa 5 asubuhi, kwa sababu nyama ikiisha duka linafungwa.

Buti. Mama ataziona na atazitaka. Buti za kupimwa mguu, kama za M.L. Leddy's ambao wanashona tangu 1922, ni kazi ya miezi na bei yake inazidi tiketi ya ndege. Za dukani zipo za bei ya kawaida. Ajaribu akiwa amevaa soksi nene, alasiri, wakati miguu imevimba kwa kutembea. Sehemu pana ya mguu, penye shina la kidole gumba, lazima ikae sawa bila kubana, lakini kisigino kikiteleza kidogo asiwe na hofu, ngozi ya chini ikishapinda kitatulia.

Ijumaa ni zamu yako, na narudia kwamba naye atakwenda.

Magharibi ya katikati ya mji, kama kilomita 3, makumbusho matatu yamekaa karibu karibu, ukitoka moja unaingia jingine kwa dakika chache za mguu. Jumatatu hufungwa, hivyo siku zenu ni nzuri. Anzeni asubuhi na Amon Carter, kiingilio bure. Amon Carter alikuwa mwenye gazeti la mji, mtu aliyeipenda Fort Worth kwa wivu. Alikusanya michoro ya Frederic Remington na Charles Russell, wachoraji wa nchi ya makauboi, na wosia wake ndio uliojenga jumba hili, likafunguliwa mwaka 1961. Mwonyesheni mama mchoro wa Remington wa mwaka 1889, A Dash for the Timber: wanaume wanane juu ya farasi, vumbi, wanakimbia kuelekea kwako kana kwamba fremu haitawazuia. Jana ameona ng'ombe wakitembea barabarani, leo anaona hadithi iliyotengenezwa kutokana na wao, na ataanza mwenyewe kulinganisha.

Saa 6 mchana vukeni kwenda Kimbell. Ijumaa hufunguliwa wakati huo na hukaa wazi mpaka saa 2 usiku. Mkusanyo wa kudumu ni bure. Ningekuwa na saa mbili tu za maisha yangu za kutumia Marekani, ningezitumia humu.

Kay Kimbell alifanya biashara ya unga, vyakula na mafuta, akafariki 1964 akiacha mali yake ijenge makumbusho ya daraja la kwanza. Kazi akapewa Louis Kahn, msanifu mzaliwa wa Estonia ambaye wakati huo huo alikuwa akijenga bunge la Dhaka. Jumba lilifunguliwa mwaka 1972, na Kahn alifariki miaka miwili baadaye. Kwa nje hamtashangaa: mapaa marefu ya zege yaliyopinda, 16, kila moja kama mita 30, yamepangwa sambamba kama maghala. Ingieni ndani, mkae kwenye benchi, mtazame juu. Kila paa limepasuliwa utosini, ufa mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Jua la Texas, ambalo nje linachoma, linaingia kwenye ufa huo, linakutana na mbawa za alumini zilizoning'inizwa chini yake, linarudishwa kwenye dari la zege, na kutoka dari linashuka likiwa laini, la rangi ya fedha. Hakuna taa inayoweza kufanya hivyo. Wingu likipita, chumba kizima kinavuta pumzi, picha zinabadilika, kisha zinarudi. Nimekaa hapo mara nyingi nisizoweza kuhesabu na bado kifua kinanijaa. Nimeona watoto wa shule wakinyamaza bila kuambiwa.

Mkusanyo wenyewe ni mdogo kwa makusudi, kazi chini ya 350, kwa hiyo bi mkubwa hatachoka. Wana mchoro wa Michelangelo, Mateso ya Mtakatifu Antoni, aliouchora akiwa na miaka 12 au 13. Wana wacheza karata wa Caravaggio, yule kijana tapeli akichomoa karata mgongoni. Lakini nendeni pia sehemu ya Afrika. Kuna kichwa cha udongo kutoka Ife, uso mtulivu wenye mistari, kina umri wa karne saba au nane. Kuna Chibinda Ilunga, mwindaji mwanamfalme, amechongwa na Wachokwe. Na kuna sanamu ya babu wa Kihemba aliyesimama. Wahemba ni watu wa mashariki ya Kongo, upande wa Kongolo, ambako Kiswahili kinazungumzwa sokoni mpaka leo. Nilimsimamisha mbele yake mgeni wangu mmoja, mzee wa Kalemie, akavua kofia na kukaa kimya muda mrefu.

Jirani ni Modern, jumba la sanaa ya kisasa lililofunguliwa Desemba 2002, kazi ya Mjapani Tadao Ando. Mabanda matano ya kioo na zege yanayoonekana kuelea juu ya bwawa. Hapo kiingilio kipo, na Ijumaa imekuwa siku ya bure, ndiyo sababu nimewapangia Ijumaa. Tazameni tovuti yao kabla hamjaondoka hotelini. Aliyelisukuma jengo hili mpaka likasimama ni Anne Marion, aliyekuwa mrithi wa ranchi ya 6666, moja ya ranchi maarufu kabisa za Texas, iliyoanzishwa na babu wa mama yake, Burk Burnett. Pesa za ng'ombe wa Burnett zimekuwa bwawa hili na vioo hivi. Ndani, tafuteni ngazi ya Martin Puryear ya mwaka 1996, Ladder for Booker T. Washington. Ni ngazi ya mbao, kama mita 11, imening'inia hewani, imepindapinda, na inaposogea juu inazidi kuwa nyembamba mpaka mtu asingeweza kuweka mguu. Puryear, Mmarekani Mweusi, alifundisha Sierra Leone akiwa kijana. Sitawaambia ngazi ile inasema nini. Simameni chini yake tu.

Rudini hotelini, mama alaze miguu. Jioni, rodeo. Ukumbi ni Cowtown Coliseum, uliojengwa mwaka 1908 kule kule Stockyards, na hapo mwaka 1918 ndipo ilipofanyika rodeo ya kwanza ya ndani ya jengo. Ijumaa na Jumamosi usiku huwa na mashindano. Nunueni tiketi mapema mtandaoni. Wataanza kwa sala na wimbo wa taifa, kila mtu anasimama na kofia zinavuliwa. Mpanda fahali anatakiwa akae sekunde 8 akishika kwa mkono mmoja. Alama ni 100, nusu za mtu na nusu za fahali, kwa hiyo fahali mpole anamponza mpandaji wake. Mtakaoupenda, nadhani, ni mbio za mapipa: wanawake juu ya farasi, mapipa matatu, na kugeuka kwa kasi ambayo goti linakaribia kugusa udongo. Shindano la kunasa ndama kwa kamba linawasumbua baadhi ya watu, na sioni aibu kusema kwamba linanisumbua mimi pia. Hapo mnaweza kutoka kununua maji.

Jumamosi asubuhi tembeeni katikati ya mji, taratibu. Sundance Square mtapita tu, ni uwanja mzuri wa kukaa na kahawa. Simameni mbele ya Bass Hall, ukumbi wa 1998, wenye malaika wawili wa mawe wenye urefu wa zaidi ya mita 14 wanaopuliza tarumbeta. Hapo kila baada ya miaka minne hufanyika shindano la piano la Van Cliburn, lililoanza mwaka 1962 kwa heshima ya kijana wa Texas aliyewashinda Warusi kwao Moscow mwaka 1958. Oktoba ni msimu wa okestra ya mji. Mkipata tiketi ya Ijumaa mkaona rodeo ni nzito kwa mama, badilisheni.

Lakini muziki wa Fort Worth ninaotaka uujue wewe ni mwingine. Kilimani, mashariki tu ya katikati ya mji, linasimama jengo la shule ya I.M. Terrell, iliyokuwa sekondari ya watoto Weusi enzi za ubaguzi. Kutoka madarasa hayo alitoka Ornette Coleman, aliyezaliwa hapa mwaka 1930 na kuibadilisha jazi ya dunia. Akatoka King Curtis. Akatoka Dewey Redman, akatoka Julius Hemphill. Wapiga saksofoni wanne wa kiwango hicho, shule moja, mji mmoja. Sijui mji mwingine wa ukubwa ule unaoweza kusema hivyo. Usiku ukipata nafasi, sikiliza bendi ya jazi au ya soul. Kijana wa mji, Leon Bridges, amewafungulia wengi mlango.

Na mji huu ndio wa Opal Lee. Tarehe 19 Juni 1939, akiwa na miaka 12, genge la wazungu liliivamia na kuichoma nyumba ya wazazi wake kwa sababu walihamia mtaa usiotaka Weusi. Tarehe 19 Juni ndiyo siku ambayo watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru mwaka 1865, miaka miwili na nusu baada ya tamko lenyewe. Akiwa na miaka 89, mwaka 2016, alianza matembezi kuelekea Washington akidai siku hiyo iwe sikukuu ya taifa. Ikawa, mwaka 2021, naye akiwa amesimama kando ya rais akishuhudia sheria ikitiwa saini. Mwaka 2024 alirudi kuishi kwenye kiwanja kile kile kilichochomwa, nyumba mpya. Mweleze mama habari hii mkiwa mmekaa mahali, si barabarani.

Jambo moja dogo: mkiwa kwenye basi au duka la vyakula msishangae kusikia Kiswahili. Fort Worth umepokea familia nyingi za Kongo zilizopitia makambi ya Tanzania, Burundi na Uganda. Salimieni. Mtaambiwa duka lenye unga wa sima na samaki wakavu, na Alhamisi usiku, baada ya siku ya saladi, mtashukuru.

Oktoba mmechagua vizuri. Mchana joto linakaribia la Mombasa ya Julai, jioni mtandio unatosha. Kiangazi, Julai na Agosti, huwa nawakataza wazee kabisa, nyuzi 38 na zaidi ni kawaida. Machi hadi Mei hali ya hewa ni nzuri lakini kuna ngurumo, mvua ya mawe na vimbunga. Machi 2000 kimbunga kilipita katikati ya mji na kuvunja vioo vya maghorofa. Kwa msomaji mwingine anayeweza kuchagua tarehe, Januari hadi mwanzoni mwa Februari kuna maonyesho makubwa ya mifugo na rodeo, yalianza mwaka 1896 na huchukua wiki tatu. Bustani ya wanyama waachieni wenye watoto; twiga na simba mnao nyumbani.

Kurudi Dallas kwa harusi, chukueni treni ya TRE kutoka Fort Worth Central Station, kama saa moja hadi Union Station. Kwa kawaida Jumapili haitembei. Kwa hiyo mwondoke Jumamosi jioni, na mtazame saa ya treni ya mwisho asubuhi yake, kabla mama hajakumbuka kwamba zile buti nyekundu aliziacha dukani.